Sufuria Yenye Kufuli

9 Februari

Mwanangu,

Huku sote tunapumua. Goti la baba yako limepona, sasa analalamikia kiuno. Mama yako anasema ni ugonjwa ule ule umepanda ghorofa. Mimi karakana yangu imejaa makochi ya hoteli iliyofilisika. Yananuka bia, na niliyoyakuta chini ya mito yake sitayaandika kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu wa posta. Yule paka wako wa madoa kazaa tena, na bado hataki kumtaja baba. Habari za nyumbani ni hizo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ukoo mzima ulikuja baba yako alipohamia nyumba mpya, nawe ukaja, nikafurahi. Watu wanapakua chakula, wanasukumana, wanacheka. Wewe ukafungua begi ukatoa sufuria. Nikajua ni zawadi ya nyumba. Kumbe sufuria ina bawaba, ina komeo, na kwenye komeo kuna kufuli! Umeichomelea mwenyewe, ulisema, kwa vyuma vilivyobaki kazini, na ulisema kwa majivuno. Ukaenda nyuma ya tangi la maji, ukachemsha viazi na mayai yako kwenye jiko lako dogo la gesi la kusafiria, ukala umechuchumaa, ukafunga, ukatia ufunguo mfukoni. Mjomba wako aliniuliza kama mambo hayo umejifunza jeshini au jela. Nikamwambia hujawahi kwenda kote kuwili, akasema basi bado mapema.

Nilicheka mbele za watu. Nilipokufuata nyuma ya tangi sikucheka. Mimi ndiye niliyekushonea suruali yako ya kwanza ya kazi, kiuno chako nakijua kwa vidole. Siku ile ulikuwa umejifunga mkanda mpaka ncha yake ikazunguka mgongoni.

Najua una aleji ya karanga tangu ukiwa mtoto, na najua mwaka jana nusura ikuue. Lakini nimesikia kwa mama yako tu, na mama yako anatia chumvi hata kwenye chai. Wewe hujanisimulia. Simu hupokei, na ukipokea baba yako ananipokonya, anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inakuuliza umekula nini. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Nijibu. Na usinidanganye, nitajua.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika imechanika pembeni, nadhani posta walitafuta hayo ya chini ya mito. Mimi mzima. Mvua huku inanyesha ovyo, mashimo ya lifti yanajaa maji, mapampu yanalia usiku na mchana. Msalimie paka, mwambie mimi simhukumu.

Unataka kusimuliwa, haya.

Tulikuwa tunamuaga mhasibu wa kampuni, ghorofa ya saba, kwenye ukumbi wa mikutano. Mimi asubuhi ile nilikuwa nabadilisha breki za lifti ya jengo letu wenyewe. Saa ya chakula nikaizima, nikatundika kibao cha HAITUMIKI, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda kula. Nilimuuliza mpishi kama kwenye mboga kuna karanga. Akasema hakuna kabisa. Kumbe alitia za kusaga, kidogo, za kunogesha, na kwa hesabu yake za kunogesha si karanga.

Kijiko cha tatu, midomo ikaanza kuwasha. Cha nne sikukifikisha. Koo lilifunga kama mtu kanikaba kwa mkono. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyetoa sindano yangu ya dharura kwenye begi, maana wengine wote walikuwa wanakimbia huku na huku wakigongana. Aliishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika maelekezo, anasoma kwa sauti kama anasoma risala, halafu akanichoma pajani. Wakanibeba kwenda hospitali. Kwa ngazi, Shangazi. Ghorofa saba kwa ngazi, wanaume sita wanatweta, wananigonga kila kona, kwa sababu lifti imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwangu, nami siwezi kusema.

Niliporudi kazini nikakuta jina jipya. Wananiita Karanga. Bosi pia. Hata mteja mmoja alipiga simu akaomba atumiwe fundi Karanga.

Nikiwa shimoni ghorofa ya kumi na moja, nimening'inia kwenye mkanda, moyo umetulia tuli. Ukiniwekea sahani ya maharage uliyopika wewe, najua huwezi kuniwekea sumu, ila jasho linanitoka mpaka kwenye viganja. Kwa hiyo nala ninachochemsha mimi, kwenye chombo alichokishika nani? Mimi. Viazi, mayai, ndizi. Viazi havijawahi kunidanganya. Kufuli ni kwa sababu chumbani kazini kuna mtu anapenda kufunua vyungu vya wenzake. Ndiyo hiyo tu, hakuna kikubwa.

Kuna jambo la furaha pia. Nimepata mtu. Anakata vioo kwenye duka la mtaa wa pili, ana mikono yenye makovu madogo madogo na kicheko cha kupasua madirisha aliyoyakata mwenyewe. Usimwambie mama bado, atanunua kitambaa cha harusi.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimekalia kochi lisilo na springi, na ulipofika kwenye ngazi nilizama mpaka sakafuni. Mama yako hakuambiwa. Kitambaa kanunua tu, anasema alikuwa na hisia.

Mkata Vioo namkubali. Mwanamke anayefanya kazi na vitu vinavyokata huwa hana maneno mengi ya kupoteza. Je, anajua? Hujaandika kama anajua, na wewe usipoandika kitu huwa ndicho chenyewe.

Pili, daktari wako alikupa karatasi ya kwenda kumwona mshauri wa mambo ya akili na moyo, tena kwa watu wa aleji kali hasa. Mama yako aliiona mezani kwako alipokuja kukutembelea, ilikuwa imewekewa kikombe juu. Usiniambie wewe si mwendawazimu. Hakuna aliyesema. Mtu akivunjika mguu anafungwa bandeji, na wewe kilichovunjika ni kule kukaa mezani na watu. Nenda. Ukikataa nakuja mimi na basi, na baba yako namleta, na kiuno chake.

Shangazi


28 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Baba msimlete, nimekwenda.

Mshauri ni bwana mmoja mnene, ana ofisi yenye zulia na samaki wekundu kwenye chombo cha kioo. Alinisikiliza akatikisa kichwa, akasema, "Kijana, jikaze. Hofu ni ya watoto. Kila asubuhi simama mbele ya kioo useme: mimi ni simba." Basi nasema. Nimekwenda mara mbili na amesema nimepona zaidi ya nusu, hakuna haja ya kurudi. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Kuhusu Mkata Vioo. Tatizo ni dogo sana. Anatafuna karanga. Mfuko wa aproni yake umejaa karanga za kukaanga, anatafuna tangu anafungua duka mpaka anafunga. Alikuwa anavuta sigara, akaacha, karanga zikachukua nafasi. Sasa wewe mtu mzima unaelewa, midomo yake na yangu haiwezi kukutana. Busu moja nami nashuka tena kwa ngazi. Nikamwambia jino linaniuma, siwezi. Likaniuma mwezi mzima. Akanionea huruma, akaniombea miadi kwa daktari wa meno anayemwekea madirisha, akanisindikiza, akakaa sebuleni ananisubiri.

Ningefanyaje? Daktari alitafuta, akapata jino lenye tobo dogo, akasema linazibika. Nikaogopa atatoka kumwambia halikuwa na shida. Nikasema ling'oe.

Sasa nina pengo, na jino limeacha kuuma, na yeye anasubiri.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Sina mbavu. Nimecheka mpaka mteja akaondoka na kochi lake. Halafu nikaacha kucheka, nikakaa nayo barua yako kwenye mapaja, nikakuonea uchungu sana. Umetoa jino zima, lako mwenyewe, la kutafunia, ili usitamke neno moja la herufi saba.

Baba yako mzima. Amejitengenezea fimbo, anaitumia kuelekezea watu vitu.

Sasa huyo mshauri wako. Simba gani anakula viazi? Mshauri wa kweli hakwambii jikaze. Anaanza kwa kukwambia hofu yako si ya kijinga, kwa sababu karanga ilitaka kukuua kweli, na mwili wako una haki ya kukumbuka. Hataki kuifukuza hofu, anataka ipungue mpaka ikukinge tu bila kukufungia ndani. Anakuuliza unachoogopa kidogo ni nini, na unachoogopa zaidi, na zaidi ya hicho. Mnavipanga kama ngazi, mnaanza na cha chini kabisa. Na hakuna mtu anayepona zaidi ya nusu kwa kwenda mara mbili. Watu wanakwenda miezi, wanalia, wanacheka, wanarudi nyuma, wanaanza tena.

Hujakwenda. Hakuna zulia, hakuna samaki. Hao samaki ni wa ofisi ya bima mnakotengeneza lifti, ulinisimulia mwaka juzi walivyo wanene. Ulimtengeneza mshauri kwa vipande vya watu unaowafahamu, na maneno ya kujikaza ni ya baba yako.

Shangazi


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Sawa, sikwenda. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona wamekaa watu kwenye benchi, nikageuza.

Lakini wewe umeyajua wapi hayo ya ngazi? Wewe unayesema daktari ni mtu wa kuendewa ukiwa umebebwa? Nani anakwambia?

Wiki iliyopita niliona giza nikiwa juu ya lifti, ghorofa ya tisa. Mwenzangu aliuona mkanda umekaza, akanivuta. Daktari anasema sili vya kutosha mtu wa kazi yangu. Bosi kaniondoa shimoni, kaniweka ofisini kuhesabu skrubu. Na Mkata Vioo ameacha kuja. Alisema mwanaume asiyembusu mwanamke aliye mbele yake basi ana mwingine nyuma yake, akachukua aproni yake akaondoka. Nikamwacha aende.

Usije. Usilete mtu.

Mwanao


17 Julai

Mwanangu,

Najua hukupata barua mwezi wa sita. Niliandika tatu nikazichana. Hii nitaituma hata ikiniaibisha.

Salamu za nyumbani zipo, wote wazima, baba yako fimbo imevunjika kwenye mgongo wa televisheni. Tuendelee.

Uliuliza nimeyajua wapi. Mwezi wa tatu, baada ya kukutishia kuja na basi, nilisikia kwamba hospitali yetu ina kikundi cha watu wenye aleji kali za chakula. Wanakutana kila Alhamisi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, wanakalia ile mipira mikubwa kwa sababu viti havitoshi. Nikasema niende nijue wanafanyiwa nini, ili nijue nakutuma wapi. Mshauri wao, binti mmoja mpole mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, akaniuliza mlangoni, "Karibu mama, wewe mwenzetu una mzio wa nini?" Nikaona nikisema sina nitafukuzwa. Jicho langu likaangukia kikapu cha mtu kwenye korido. Nikasema, "Mayai."

Basi nikawa Mama Mayai.

Nilidhani nitakwenda mara moja. Lakini kuna mama mmoja ambaye bintiye akigusa ngano anavimba, na shuleni wenzake wanamrushia vipande vya mkate kumjaribu. Kuna babu wa samaki, mkewe aliyekuwa akimpikia amefariki, hataki mkono mwingine. Na kuna Askari. Askari ni mrefu kama nguzo ya umeme, aleji yake maziwa, amekamata majambazi kwa mikono mitupu, na hawezi kula chakula cha mchana na askari wenzake kwa sababu siku moja walimtilia siagi kwa mzaha. Akizungumza kwenye kikundi anatazama viatu, sentensi haimalizi. Nilikuwa nawasikiliza hao nakusikia wewe. Nikarudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Nikawa nguzo ya kikundi. Nikawa natoa ushauri, mimi!

Na mayai je? Unanijua, siku yangu haianzi bila mayai mawili ya kuchemsha kutoka kwa mama wa chai pale mkabala na karakana. Sasa mji mdogo, watu wa kikundi wanapita. Nikawa nala nyuma ya kochi la watu watatu. Nimechuchumaa, yai mdomoni, sikio mlangoni. Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe nyuma ya tangi la maji, na yai likakataa kushuka.

Wiki mbili zilizopita nikachoka kujificha. Nikakaa benchi la nje, jua linawaka, nikauma yai langu nusu. Ghafla nasikia, "Mama Mayai!" Askari yuko ng'ambo ya barabara. Kabla sijameza ameshavuka, amenilaza kwenye benchi, ametoa sindano yake mwenyewe mfukoni, amenichoma pajani, kupitia gauni, kupitia aproni, na nadhani kupitia benchi.

Mwanangu, ile dawa kwa mtu asiyeihitaji! Moyo ulikimbia ukaniacha. Mikono ikatetemeka, meno yakagongana, kifua kikabana, nikajua nakufa, tena nakufa kwa uongo wangu mwenyewe na yai shavuni. Nilitaka kusema sina aleji, ulimi haukunyanyuka. Na Askari yule asiyemaliza sentensi alipiga magoti kwenye vumbi na sare yake, akanishika mkono, akasema taratibu, "Nipo hapa. Dawa imeingia, gari linakuja, siondoki. Vuta pumzi na mimi." Akavuta yeye, nikavuta mimi. Mpaka gari lilipofika hakuniachia mkono hata kufuta jasho.

Hospitali daktari akaniuliza nina mzio wa nini. Nikasema sina. Akauliza tena. Nikasema, "Sina hata mmoja, baba, mimi ni muongo." Askari alikuwa amesimama pembeni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitazama ile sindano tupu, akasema, "Ndiyo ilikuwa hiyo moja." Watu wa hospitali walikaa siku kadhaa kabla hawajapata nyingine ya kumpa, na siku hizo zote hakula kitu nje ya nyumba yake wala kwenda kwenye lindo la mbali. Mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Alhamisi nilikwenda nikasema mbele yao. Yule mama wa binti alisimama akaniambia, "Mwanangu anaitwa muongo kila siku shuleni. Na muongo wa kweli alikuwa amekalia mpira wetu." Na ni kweli. Mshauri akauliza, kwa sauti ile ile, nilikuja kwa nini. Nikasema: mtoto wa kaka yangu hali chakula. Anakwisha mbele ya macho yangu, ana sufuria yenye kufuli, nami sijui niingilie wapi. Kama nililia au sikulia, hilo halikuhusu.

 Halafu babu wa samaki akanionyesha mlango kwa kidole. Nikajua nimefukuzwa, nikachukua mkoba. Kumbe ananionyesha bango lililobandikwa pale, kubwa kama shuka: WENYE MZIO NA JAMAA ZAO, KARIBUNI. Miezi yote nimepita chini yake.

Mimi nimesema langu, limeniuma, na sikufa. Wewe lako lini?

Shangazi


5 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, na paja linaendeleaje?

Barua yako nimeisoma ofisini katikati ya skrubu. Kwenye "kupitia benchi" nikapiga kelele, bosi akaja mbio akidhani nimekula kitu. Nilitafuta wa kumsomea. Nilitazama huku na huku, wote pale wananiita Karanga. Niliyetaka asikie ni mmoja tu, na hatusemezani.

Nikaenda dukani kwake. Alikuwa kwenye mashine, hakuinua kichwa. Nikasimama mlangoni nikaanza kusoma, kwa sauti ya kushindana na mashine, wateja wawili wanasikiliza. Alijitia hasikii. Ulipofika kwenye yai shavuni akazima mashine. Akacheka kile kicheko chake, akajifuta macho kwa aproni, akauliza, "Sasa shangazi yako kwenye hicho kikundi alifuata nini?"

Nikatazama karatasi. Jibu limeandikwa hapo hapo, kwa mwandiko wako. Nikalisoma. "Mtoto wa kaka yangu hali chakula."

Akasema, "Huyo mtoto ni nani?"

Nikamwambia yote, Shangazi. Koo, ngazi, ufunguo, jina. Nikamwambia kilicho mfukoni mwake.  Akaniambia fungua mdomo. Nikafungua. Akachungulia pengo kwa muda mrefu kama anapima kioo. "Umeng'oa jino," akasema, "mimi nimekaa sebuleni nakusubiri, nimekununulia na uji. Ungesema tu!" Alinikasirikia mpaka nikaona raha. Akamwaga mfuko wake kwenye pipa la nje, akafua aproni, akafagia duka, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, na akasema kwa siku ile nisimkaribie bado.

Jumanne iliyofuata alinipeleka kwa mshauri. Wa kweli. Hana zulia. Chumba kiko ubavuni mwa dobi la hospitali, mashine zinanguruma, ni mama wa makamo mwenye mafua. Nilijiandaa kuulizwa ninakula nini, maana hilo nimeulizwa na dunia nzima. Akauliza, "Unakula na nani?"

 Mwaka mzima na ushee, Shangazi, na sina jina hata moja la kutaja. Ndiyo, nililia, na mimi tofauti na wewe nasema.

Tumepanga ngazi yangu. Kipandio cha kwanza ni kupika bila kufunga kufuli. Juu kabisa kuna meza ya watu. Kila kitu nauliza, kila mahali sindano naibeba, hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni kingine chote. Kwenye kipandio cha kwanza nilikaa wiki nzima nikitazama sufuria kama inataka kutoroka.

Mwanao


29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Paja lina alama ndogo, nawaonyesha wageni.

Nimekubaliwa tena kwenye kikundi, sasa kama jamaa, jina limebaki Mama Mayai. Yule mama wa binti bado hanisemeshi, na ana haki. Nimemtengenezea Askari kiti cha kukalia pale chumbani, cha mgongo mrefu, maana kwenye mpira magoti yake yalikuwa yanafika masikioni. Alikikalia akamaliza sentensi nzima. Baba yako nimemwambia ukweli wote na amekataza mtu yeyote humu ndani kukuuliza umekula nini. Aliyesahau kwanza ni yeye.

Mimi pia sikuulizi. Nauliza jana ulikula na nani.

Shangazi


21 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima huku. Nimerudi shimoni wiki iliyopita, kilo zimeanza kurudi, na bosi aliponiita Karanga nikamwambia jina langu. Alikuwa amelisahau, akaenda kulitafuta.

Umeuliza nilikula na nani. Na Mkata Vioo. Yeye ndiye aliyechemsha. Nilikaa jikoni kwake kwenye kiti, mikono chini ya mapaja kama nilivyoelekezwa na mshauri, namtazama anaosha sufuria yake, anamenya viazi, anatia chumvi. Viganja vililowa. Niliinuka kwenda mlangoni, nikarudi, nikainuka tena, nikarudi. Hakusema jikaze. Alisema, "Chukua muda wako, vinachelewa kuiva."

Havikuiva. Vilikuwa vibichi katikati na chumvi ya kuulia konokono. Nilikula vyote, Shangazi, nikaomba vingine, na yeye alikuwa anakula upande wa pili wa meza ananitazama kama sinema.

Kuhusu lile pengo la jino usiulize, limepata shughuli.

Sasa sikiliza. Tunakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wawili. Mwambie mama alete kitambaa chake. Asubuhi utachemsha mayai, wewe mwenyewe kwa mkono wako, na utayala mchana kweupe, mezani, mimi nikiwa kiti cha pili. Mwalike Askari ukipenda, ila mweke mbali na paja lako.

Sufuria yangu naiacha nyumbani.

Mwanao